Saa Kumi Kamili, Kimya Huku

Mpwa wangu ana miaka 19, na hana subira na mtu yeyote aliyezaliwa kabla ya simu za mkononi. Juzi alikuja kunisaidia kufuta picha zilizojaza simu yangu, akafungua kundi letu la WhatsApp, akawa analipandisha kwa kidole, analipandisha, analipandisha, kisha akaniangalia kwa huruma kama aliyemkuta nyanya yake akizungumza na ukuta.

"Shangazi, hawa watu wenu hawasemi kitu."

"Hawasemi vipi?"

"Sikiza. 'Asubuhi njema wapendwa.' 'Njema, na kwako pia.' 'Salamu kutoka Kayole.' 'Zimefika Voi, nazisukuma mbele hadi Eldoret.' Jumbe 217 tangu jana, na hakuna hata habari moja!"

Hakukosea. Ukiingia kundini mwetu kutafuta habari utatoka mikono mitupu. Hatuuzi viwanja, hatutumiani video za wachungaji, na siasa katiba yetu inaikataza. Ndiyo, tuna katiba, kurasa nne zilizopigwa chapa, na kipengele chake kirefu kuliko vyote kinahusu matanga. Kazi yetu ni kusalimiana. Baadhi yetu tumesalimiana kwa zaidi ya miaka 30, kwanza kwa kadi, kisha kwa simu, sasa kwa hilo kundi analolicheka. Nilitaka kumjibu palepale, lakini nilikuwa na sketi 20 za sare zinazongoja pindo, na mwenye sketi alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Kwa hiyo namjibu hapa, akitaka atasoma, asipotaka basi.

Nilikuja Nairobi mwaka 1993 kutoka Taita, nikakaa kwa mjomba wangu, mfanyakazi wa reli, kule Makongeni. Nyumba ilikuwa ndogo na watu wengi, ila redio ilikuwa kubwa, imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Jina la Sauti ya Kenya lilikuwa limeshabadilishwa kuwa KBC tangu 1989, lakini mjomba hakulitambua badiliko hilo hadi alipostaafu. Jioni kipindi cha salamu kikianza, hakuna aliyeruhusiwa kuburuta kiti.

Kwa wasioijua, kadi ya salamu ilikuwa kikaratasi kigumu cha ukubwa wa kiganja. Kina mistari ya jina la mtumaji, anwani, wimbo anaoutaka, majina ya anaowasalimu, na mwisho mstari mmoja wa "ujumbe wangu". Unajaza, unatuma, unangoja. Wiki, wiki tatu, mwezi. Halafu jioni moja uko jikoni unakaanga omena, unasikia jina lako likitoka kwenye redio, na mwiko unaanguka wenyewe. Mtangazaji husoma mbio kama makanga anayeita abiria wa mwisho, majina 15 kwa pumzi moja, na ujumbe wa kila mtu ni methali. Nadhani methali za Kiswahili ninazozijua, nusu nilizipata pale. "Waraka ni nusu ya kuonana" nilikuwa nikiitumia mimi, hadi mtu wa Mumias akaandika kadi nzima kulalamika kwamba nimeizoea mno.

Stampu ilikuwa gharama. Siku za Jumamosi nilikuwa nakusanya kadi za majirani, nashika Jogoo Road kwa miguu, nauvuka mji wote hadi Harry Thuku Road, naziacha langoni pa Broadcasting House. Askari wa lango alinizoea. Aliniuliza siku moja kama ninalipwa. Nikamwambia nalipwa kila jioni saa moja.

Jambo moja mpwa wangu hataliamini: hakuna aliyetumia jina la kitambulisho. Kila mmoja alijipa lake. Mimi ni Bi Mkasi, kwa sababu ya kazi ya ushonaji niliyoanza nikiwa na miaka 20. Kuna Kipepeo wa Kayole, muuza chapati, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa maneno. (Wengine nimewageuza kidogo, maana wapo na watasoma.) Ulikuwa unasikia umesalimiwa na mtu usiyemjua, na ilikuwa lazima umrudishie. Salamu isiyorudishwa ni deni, na wadaiwa walitajwa hewani. Hivyo ndivyo watu wa Voi, Kitui, Eldoret na Nairobi walivyojuana bila kuonana, jina kwa jina, kadi kwa kadi, mpaka siku moja mtu akasema tukutane. Tulikutana Uhuru Park, chini ya mti, kila mtu amebandika kifuani karatasi yenye jina lake la redioni. Nakumbuka nilivyozunguka nikisoma vifua vya watu na kupiga vigelegele. Niliyemdhania kijana mrefu alikuwa mzee mwenye mkongojo.

Majina yale yalikuwa na faida ambayo hatukuing'amua mpaka mwisho wa mwaka 2007. Kura tulipiga tarehe 27 Desemba, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Umoja. Maduka yalifungwa, unga ukaadimika, kadi za kukwaruza zikaadimika zaidi ya unga. Nilikaa siku mbili na simu isiyo na kredo, naitazama kama jiko lisilo na mkaa. Usiku wa pili ikalia. Mtu wa Eldoret, ambaye sikuwahi kumtia machoni, alikuwa amenisambazia shilingi 50, na ujumbe ukafuata: "Bi Mkasi, uko?"

Nikajibu: "Niko."

Hakuniuliza mimi ni wa wapi, nami sikujua yeye ni wa nani. Wiki ile watu walikuwa wanauawa kwa swali hilo, vizuizini, barabarani, kitambulisho mkononi. Sisi hatukuwa na namna ya kujuana. Huwezi kujua kabila la Kipepeo. Huwezi kujua baba yake Bi Mkasi anaitwa nani. Kuanzia usiku ule tukaanza kuitana mmoja mmoja, uko, niko, na mweka hazina wetu, karani mstaafu wa shule mwenye daftari la kila jambo, akawa anatia alama. M-Pesa ilikuwa haijatimiza hata mwaka, imeanza Machi 2007, na wengi wetu tuliiogopa. Januari ile tulijifunza kuitumia kwa lazima, shilingi 200 hapa, 300 pale, kwa aliyekwama bila chakula. Hadi Kibaki na Raila walipotia sahihi mapatano ya amani mbele ya Harambee House tarehe 28 Februari, daftari lilikuwa na majina 61, na mbele ya 58 limeandikwa "yuko". Wawili tuliwapata baadaye wakiishi kwa ndugu. Wa tatu hatukumpata. Jina lake bado linasomwa kila mkutano wa mwaka, na kila mwaka kuna kimya kidogo hapo, halafu mwenyekiti anaendelea na jina linalofuata.

Ya katikati nitayapita haraka. Kadi zilikufa polepole, SMS zikachukua nafasi yake. Mwaka 2006 Redio China Kimataifa ilikuwa imefungua FM yake hapa Nairobi, 91.9, na sisi tukahamia huko kwa muda na salamu zetu zote, kwani salamu haina pasipoti. Tulipita pia kwenye saiba za Moi Avenue, tukilipia dakika na kuandika kwa kidole kimoja huku saa ya pembeni ya skrini ikitula. Nisilolipita ni la mwaka 2015, kwa sababu nusura lituvunje.

Mweka hazina alifungua kundi la WhatsApp. Wakati huo kundi halikuruhusiwa kuzidi watu 100. Sisi tulikuwa 114. Fikiria mwenyewe. Watu waliovuka 2008 bila kuulizana kabila wakaanza kuulizana nani alijiunga mwaka gani, nani hulipa ada ya matanga, nani husalimu kweli na nani husoma tu kimyakimya. Mmoja alipendekeza wasomaji wa kimyakimya ndio waachwe nje. Wasomaji wa kimyakimya, kwa mara ya kwanza katika historia yao, wakazungumza, tena kwa herufi kubwa. Mwishowe tukafungua kundi la pili la watu 14, na mimi nikapewa kazi ya daraja: kila asubuhi nilichukua salamu za huku nikazipeleka kule, na za kule nikazileta huku. Nilikuwa posta tena, kama enzi za Jogoo Road, tofauti ni kwamba sikuhitaji viatu. Februari 2016 kikomo kikapandishwa hadi watu 256, tukaungana kwa shangwe. Ila watu tisa wa kundi la pili wakakataa kurudi. Walisema wamezoea utulivu. Kundi lao lipo mpaka leo, nami bado nawapelekea salamu, na bado hawanishukuru.

Sasa nimweleze mpwa wangu siku yangu ilivyo, maana kundi hili yeye analitazama kwenye skrini, mimi naliishi katikati ya ndoo.

Kwetu Umoja maji ya mfereji huja usiku wa Jumanne na wa Ijumaa, yakipenda. Ukilala yakapita, wiki nzima ni kununua mitungi kwa kijana wa mkokoteni. Kwa hiyo siku hizo naamka saa kumi kasoro, navaa sweta la marehemu mume wangu, nashuka na ndoo. Ploti yetu ina orofa tano na mfereji mmoja unaotegemeka. Wakati huo hakuna anayeongea. Wanawake wanne watano, kila mmoja na kanga kichwani, tunasikiliza bomba kama daktari anavyosikiliza kifua. Kwanza linakohoa. Kisha linatema hewa. Kisha, ukiwa na bahati, linatoa uzi mwembamba wa maji ya kahawia, na yakianza kuwa meupe ndipo mtu wa kwanza anaingiza ndoo.

Na saa kumi kamili simu inatetemeka mfukoni mwa sweta. Ni yule tunayemwita Saa Kumi. Alikuwa soja wa usiku kwenye godauni moja kule Industrial Area. Masoja watakwambia kuwa saa kumi alfajiri ndiyo saa mbaya, usingizi unakuja na mundu. Yeye aliushinda kwa kutusalimu. Kila siku, kwa miaka, kwanza kwa SMS kwa wachache, kisha kundini: "Saa kumi kamili. Kimya huku. Asubuhi njema wapendwa."

Wakati mwingine aliongeza kitu. "Saa kumi kamili. Kunanyesha kidogo." "Saa kumi kamili. Mbwa wawili wanagombania mfuko." "Saa kumi kamili. Baridi imeingia mpaka kwenye funguo." Mvua ikianzia kwake nilijua nina muda wa kuanua nguo kabla haijafika kwangu. Kipepeo alikanda unga wake kwa ujumbe huo, hakuwa na haja ya kengele. Dereva wetu wa matatu wa Rongai aliwasha gari kwa ujumbe huo. Kuna mama wa Voi aliyesema mtoto wake wa miezi mitatu huamka simu ikitetemeka, hivyo akaomba Saa Kumi asogeze saa. Ombi lilikataliwa kwa kura.

Basi mtu akisema hatuzungumzi kitu, mimi nauliza: hicho si kitu?

Tumewahi kuagana na watu kwa njia hiyo pia. Mei 2020 tulimpoteza mama mmoja wa Kitui, mwanzilishi, mwenye sauti nzito na kicheko cha ghafla. Desturi yetu ni kwamba mwanachama akizikwa tunakwenda, na mwenyekiti husoma kadi ya mwisho ya salamu kaburini, majina yote. Lakini Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, hakuna kutoka wala kuingia, na mazishini hawakuruhusiwa zaidi ya watu 15. Mchango ulikwenda kwa M-Pesa, wengi tukikatakata vipande visivyozidi shilingi 1,000 kwa sababu havikutozwa ada wakati ule. Kadi ya mwisho je? Tukaamua kila mtu atume salamu yake kwa ujumbe wa sauti kundini, na mtoto wa marehemu azicheze kaburini kwa simu.

Alizicheza. Tuna video yake. Watu wachache wamevaa barakoa, wamesimama mbalimbali kama miti ya shambani, kijana ameinua simu juu karibu na kipaza sauti, na sauti zetu zinatoka moja baada ya nyingine, zinajicheza zenyewe. Bi Mkasi wa Umoja anakusalimu. Kipepeo wa Kayole anakusalimu. Ndugu yako wa Mumias anakusalimu, ujumbe wake, tangulia tutafuata. Ilikuwa inakwenda vizuri mno. Halafu, bila taarifa, ikaingia sauti ya mwanachama mmoja ambaye asubuhi hiyo alibonyeza kundi lisilo lake: "Jamani nani ana namba ya fundi wa friji? Hii yangu inavuja na kuna nyama."

Kijana alishtuka, akashindwa kuizima. Kukawa na kimya. Kisha mjane, mzee wa miaka 80 hivi, akaanza kucheka. Alicheka akishika mkongojo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, mpaka mchungaji naye akageuka kando. Baadaye alitutumia neno kwamba mke wake angeipenda hiyo kuliko nyimbo zote. Mwenye friji alijitoa kundini kwa aibu. Tulimrudisha kwa nguvu, na fundi tukamtafutia.

Usiku wa Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp yenyewe ilizima dunia nzima kwa karibu saa sita. Kwa saa zetu ilianza jioni, tukajua haitarudi mapema. Saa nne usiku nikapokea SMS kutoka kwa mzee wa Mumias ambaye hajawahi kuiamini WhatsApp: "Nilisema." Lakini saa kumi alfajiri ilikuwa imesharudi, na Saa Kumi hakujua lolote. Kimya huku, akaandika.

Kisha, Agosti ya mwaka juzi, akanyamaza yeye.

Siku ya kwanza tulisema bando limeisha. Ya pili tukasema simu imeibwa, maana wanyakuzi wa madirishani pale Muthurwa hawana likizo. Kipepeo alichelewa kuamka, akakosa wateja wa saa kumi na moja. Ya tatu simu yake ikawa inaita bila kupokewa. Ya tano mweka hazina akaandika: "Tumtafute." Hapo ndipo tukagundua kwamba hatumjui. Miaka kumi na kitu, na hakuna aliyejua jina lake, nyumba yake wala mwajiri wake. Tulijua mbwa wake, tulijua baridi ya funguo zake.

Lakini hii ni Kenya. Ukitaka kujua jina la mtu, angalia M-Pesa. Mweka hazina alirudi kwenye daftari, akatafuta mchango wa matanga ya Kitui, akaupata: majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Aliyaandika kundini. Nakiri nilishtuka. Kwa Kiswahili chake kile, sote tulikuwa tumemdhania mtu wa Pwani. Jina halikuwa la Pwani hata kidogo. Hakuna aliyesema neno juu ya hilo. Nilisubiri mtu aseme, hakuna aliyesema.

Jumamosi Kipepeo na mimi tukashuka Lunga Lunga Road. Tulijua tu kwamba godauni lake liko karibu na kiwanda chenye harufu ya sabuni, maana aliwahi kuitaja. Tukawa tunabisha mageti. Kwenye geti la nne akatoka soja kijana, sare mpya bado ina mikunjo ya pakiti. Mimi, kwa mazoea, nikamwambia tunamtafuta Saa Kumi.

Akatazama simu yake. "Bado, mama. Sasa ni saa tano."

Kipepeo alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Nikataja majina matatu. Kijana akasema masoja wa zamani waliondolewa wote mwisho wa mwezi, mkataba umepewa kampuni nyingine. Mama wa chai ng'ambo ya barabara ndiye aliyetusaidia. Alimjua, tena alimdai vikombe vitatu. Akatupa mtoto wa kutuongoza hadi Mukuru, ndani ndani, kwenye vichochoro ambavyo unapita ukiwa umegeuza bega.

Alikuwa amekaa nje ya mlango wake kwenye kigoda, mwanamume mwembamba mwenye mvi, simu mkononi. Alikuwa anasoma kundi. Kipepeo alisema hodi tu, neno moja, yule mtu akasimama.

"Kipepeo," akasema. Kisha akanitazama shingoni, nikakumbuka sijaivua futi yangu ya kupimia. "Na Bi Mkasi."

Hakuwa mgonjwa. Simu haikuibwa. Bando lilikuwepo. Alikuwa amesoma kila ujumbe wetu wa kumtafuta, pamoja na lile jina lake la kitambulisho, na alikuwa ameshindwa kujibu. Kipepeo akamfokea kama mtoto, sauti ikasikika mpaka mtaa wa pili, kwamba tumemlia, tumepiga simu mochwari, kwamba yeye amekula hasara ya chapati za siku nane. Mzee akangoja amalize. Kisha akasema, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha kuchagua maneno:

"Ningewasalimu saa ngapi? Mimi ni Saa Kumi. Na saa kumi siku hizi nimelala. Miaka 14 sikuwa nimelala usiku. Sasa nalala kama gunia."

Tulikunywa chai kwake. Alitueleza kuhusu mishahara ya miezi miwili ambayo kampuni ile ya zamani haijamlipa, na mweka hazina ameshamwandikia barua mbili za madai, zenye nakala. Alituonyesha tochi aliyorudi nayo, ya betri nne, iliyokwaruzika kila upande. Kuhusu kundi hatukusema tena. Tulipoondoka Kipepeo alimwachia chapati sita zilizofungwa kwa gazeti na hakumwambia kwaheri, bado alikuwa amekasirika.

Jumatatu kimya. Usiku wa kuamkia Jumatano nilisimama kwenye mfereji na ndoo zangu, bomba linakohoa, mfuko wa sweta umetulia. Jirani wa orofa ya tatu, ambaye si mmoja wetu wala hajui lolote, akaniuliza kwa kunong'ona kama leo mvua itanyesha. Nilizoea kumwambia. Nikasema sijui.

Asubuhi hiyo nilikuwa kibandani, natia zipu, cherehani inalia, simu ikatetemeka.

"Saa mbili na robo. Kelele huku. Kuna mtu anauza viazi kwa kipaza sauti. Asubuhi njema wapendwa."

Kabla sijajifuta mafuta ya mashine mikononi, jumbe 40 zilikuwa zimeshaingia.